Si Kimondo, Ni Nyotamkia

Mwanangu Sekela,

Salamu naziruka. Asubuhi tumesalimiana jikoni, ukakwepa kunitazama. Mambo ya begi, blanketi, mchele wa kubeba na nani umpigie simu ukifika, mama yako ameshakuambia, na mpaka jioni atakuwa amekuambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaanza kukohoa, nitapapasa mfuko nikitafuta kalamu, na mwishowe nitakubaliana nawe.

Jana ulisema, "Baba, naweza kusubiri mwaka mmoja. Chuo hakihami." Ulisema huku unaosha vyombo, kama vile ni neno la kupita tu. Najua limetoka wapi. Shangazi yako alipita nyumbani, na shangazi yako hajawahi kubeba neno likamfia mdomoni. Amekuambia kwamba ukipanda gari la Iringa, baba yako hana kazi. Ni kweli. Lakini amekuambia nusu, kwa sababu nusu nyingine hakuielewa ingawa alikuwapo. Nataka usome yote leo kabla ya magharibi, ndipo ufunge begi.

Niko ofisini. Mashine imezimwa, vijana wanakula nje, na baba mkubwa wako ameenda kutazama majaruba yake ya mpunga. Ninaandika juu ya meza yake, kwa kalamu yake, ndani ya saa zake za kazi. Karatasi ni yangu, nimeinunua. Naandika haraka, kwa hiyo usihangaike na mwandiko. Kila pikipiki inapopita nafunika barua kwa gazeti. Halafu najikasirikia, naifunua.

Huko kusubiri mwaka mmoja nakujua. Nilipomaliza kidato cha sita nilipata nafasi ya kusomea ualimu wa hesabu, Mbeya mjini. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa kijana kama wewe ulivyo leo, ndiyo maana watu wakituona sokoni wanadhani wewe ni mdogo wangu, wewe unafurahi, mimi ninanuna. Baba mkubwa wako alikuwa ndiyo kwanza amenunua mashine ya kukoboa mpunga. Akaniita akasema, "Mdogo wangu, subiri mwaka mmoja. Nisaidie nisimame. Halafu nitakupeleka mwenyewe." Hakuwa anadanganya, aliamini kabisa. Na mimi hakuna aliyenilazimisha. Nilikubali, nikawa karani wake, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi, na kwa sababu kule mbele kulikuwa na watu nisiowajua.

Mwaka ule haukuisha, Sekela. Hakuna siku ambayo mtu alikuja kuniambia, karani, sasa umeisha. Yalikuja mavuno, ikaja mashine ya pili, ukaanza shule, bibi yako akaugua. Chuoni niliandika kuomba wanishikie nafasi yangu, barua safi, aya zimepangika. Hawakujibu. Nikaendelea kusubiri jibu hata baada ya kujua kwamba halitakuja, kwa sababu mtu anayesubiri jibu hawezi kulaumiwa kwa kukaa.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu jana ulitumia maneno yale yale, na najua hukuwahi kuyasikia.

Isitoshe, mwenzangu, hesabu yako ina kosa. Chuo kweli hakihami. Inayohama ni nyotamkia.

Unakumbuka jioni ya kwanza? Wewe unakumbuka anga. Mimi nakumbuka kwamba nilikimbilia ndani. Jua lilikuwa limezama, magharibi bado kuna wekundu, na juu yake pale palikuwa na ule mkia mweupe umesimama. Rujewa yetu yote ilikuwa nje. Wauza duka, wapiga debe, wamama wa kwaya, kila mtu alikuwa anasema kimondo, kimondo. Mzee mmoja mfugaji, wa wale waliohamia huku Usangu na mifugo kutoka kaskazini, alinishika begani. "Karani, wewe umesoma. Kitaangukia wapi? Nihamishe ng'ombe?" Nikamjibu kwamba serikali itatangaza. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaanza kupanga viatu.

Mtu wa mkoa mwingine angetucheka. Lakini sisi tuna kimondo chetu, kule Mbozi, tangu enzi Mbozi ilipokuwa bado mkoa wa Mbeya. Nilipelekwa kukiona nikiwa darasa la tano. Bonge la chuma, kubwa kupita ng'ombe, limelala pale kama limetupwa jana. Mwalimu alikigonga kwa funguo tusikie kinavyolia, akatuambia kilitoka juu. Wenzangu walikipanda wakapigwa picha. Mimi nilitazama juu nione kama kuna kingine kinakuja. Tangu siku ile kwangu kimondo ni kitu kinachoweza kukuangukia, na mtoto wa Mbeya hata aende shule namna gani, akiona kitu cha ajabu angani atakiita hivyo hivyo.

Wewe ulikuja ukanikuta nimeshika kiatu.

"Baba, kile si kimondo. Kimondo huanguka. Hii ni nyotamkia, inapita zake. Imeshalizunguka jua, sasa inaondoka. Twende, itazama hujaiona."

"Una uhakika haiji huku?"

"Inaondoka, Baba! Mtu anayeondoka unamwogopea nini?"

Nikatoka. Nilisimama nyuma yako, lakini nilitoka.

Kesho yake nilikuuliza kama ule mkia ni moto. Ukasema ni vumbi. Nikadhani unanitania, kwa kuwa vumbi ninalo kwenye kola ya shati, kwenye chai na kwenye kikohozi. Hukubishana. Ulinivuta mpaka ndani ya banda la mashine, saa ile jua linapoingia kwa dirisha la magharibi. Vijana walikuwa wamezima. Vumbi la pumba lilikuwa linaelea kwenye ule mwanga, jingi, kama maziwa kwenye maji.

"Baba, mashine inafanya kazi?"

"Imezimwa. Husikii?"

"Na vumbi je?"

"Lipo."

"Sasa mtu aliye mbali, asiyesikia mashine, anayeona vumbi tu, atajuaje kwamba imezimwa?"

Nilifikiri kama mtu aliyeulizwa na mkaguzi. Nikasema huyo mtu asitazame darini, kwa sababu lile la darini ni la tangu mchana. Atazame karibu kabisa na mdomo wa mashine. Kama pale kuna vumbi jipya, inafanya kazi. Ulinikumbatia mbele ya vijana mpaka nikaona haya. Ukasema ndiyo hiyo kazi yote ya kuipima nyotamkia.

Tangu hapo nilikuwa mtu wako wa kushika tochi. Ulinifundisha polepole, na hukunicheka niliporudia swali. Kwamba ndani ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Kwamba jua likiipasha, barafu inageuka hewa, na hewa ile inatoka kwa nguvu ikipuliza vumbi. Kwamba inapoondoka pumzi inapungua, na punje nzito ndizo za kwanza kushindwa kunyanyuka, zinabaki nyepesi peke yake. Ulikuwa unachora kiduara kidogo karibu na kichwa, unapima mwanga wake, unaulinganisha na nyota za jirani ambazo hazibadiliki, unatoa kule kufifia kunakoletwa na umbali tu. Kinachobaki kinakuambia vumbi linatoka kiasi gani. Kamera ilikuwa ya yule kijana anayepiga picha za harusi, ndiyo maana vipimo vyako havina Jumamosi hata moja.

Halafu ukaja moshi. Vijana wa mashine walikuwa wanachoma pumba jioni, na magharibi yote inakuwa kama jiko la kuni. Ulikuja ofisini umekasirika. "Baba, waambie wachome asubuhi." Kuchoma jioni ilikuwa amri ya baba mkubwa wako. Nilikaa na lile neno lako mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikatoka nikawaambia kwamba kuanzia leo pumba zitachomwa asubuhi.

Gwakisa, yule mkubwa wao, akaniuliza, "Bosi kasema?"

"Imesemwa," nikajibu.

Sikusema na nani. Hicho ndicho Kiswahili changu, mwanangu. Imesemwa. Imeonekana. Imeagizwa. Nimeishi humo miaka yote, mahali ambapo mambo hutokea na hakuna mtu aliyeyafanya.

Na ile wiki vipimo vilipokataa kushuka? Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nukta zako kwenye kompyuta hii hii ya ofisini zilikuwa zinashuka vizuri, kisha zikapinda zikaanza kupanda. Mimi nikaona kosa. Hesabu inayopanda mahali ilipotakiwa kushuka, kazi yangu ni kuiita na kuihoji. Nikakushauri uzitoe. "Watu wa chuo wakiona hivi, watasema hujui kupima."

Ukageuka na kiti. "Baba, mimi siwezi kuiambia ipungue."

Hukuishia kwenye jeuri. Ulirudi ukakagua kila kitu. Nyota za jirani hazikuwa zimeongezeka. Kioo cha kamera kilikuwa safi. Moshi haukuwapo. Na kilichopanda kilikuwa kile kiduara kidogo cha karibu na kichwa, maana yake vumbi jipya. Ulisema huenda upande mmoja ulimomonyoka ukafunua barafu ambayo jua halikuwa limeigusa. Huenda. Ulilitamka bila aibu. Mimi ningetafuta neno la kujifichia.

Ukaniambia na lingine ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Ulilinganisha vipimo vyako na vile vya watu walioipima ilipokuwa inakuja. Umbali ule ule kutoka kwenye jua, lakini wakati wa kuondoka ilikuwa inatoa vumbi jingi kuliko wakati wa kuja. Nikakuuliza inakuwaje, na jua ni lile lile. "Joto linachelewa kuingia ndani, Baba. Sasa ndiyo limefika." Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mama yako. Aliniuliza nacheka nini, nikasema nacheka joto.

Sasa lile la barua ya chuo. Hujawahi kunigombeza, na ingekuwa afadhali ungenigombeza. Ulinipa barua yako ya maombi niichape, na karani hawezi kuona karatasi inatoka nje bila kuisahihisha. Niliona nyotamkia hapa, nyotamkia pale. Nilijua unachomaanisha, lakini likaonekana kwangu kama neno la watoto. Nikadhani kimondo ndilo jina lake la ofisini. Nikabadilisha kila mahali, nikapiga mhuri, nikatuma, nikajisifu moyoni.

Mhadhiri wa huko chuoni alipopiga simu tulikuwa wote humu. "Binti, mimi nimefika Mbozi. Kile kimondo hakijatoa vumbi tangu kianguke. Umepima vumbi gani?" Uso wako ulinigeukia. Nikatazama kalenda ukutani. Nilitamani sakafu inimeze.

"Samahani, Daktari," ukasema, "kuna neno moja limekosewa. Naomba nikueleze kilichomo." Limekosewa! Ulinifunika kwa Kiswahili changu mwenyewe. Kisha ukazungumza. Ulimweleza kiduara, ulimweleza Jumamosi zinazokosekana na sababu yake, akacheka. Akakuuliza zile nukta zilizopanda kwa nini hukuzifuta.

"Kwa sababu zilipanda."

Kisha akasema wao wana darubini, wanakwenda nayo Idodi, huko huko Iringa, njia ya kwenda hifadhi ya wanyama, ambako hakuna taa. Nyotamkia bado wanaifuata ingawa kwa macho haionekani tena, na wanataka mtu ambaye hafuti. Ungesoma, na ungepima. Ulipokata simu ulikuwa unalia, na mimi nilikuwa bado natazama kalenda.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni ya Jumapili, pale sebuleni kwa baba mkubwa wako, baada ya ibada, ulipotumwa kwa jirani ili wakubwa wazungumze.

Alikuwa na furaha. Alikuwa ameshapanga yote: cheti cha uhazili Mbeya mjini, unakaa kwenye nyumba yake nyingine kule Uyole, ukimaliza unarudi hapa unakuwa katibu wake. Alieleza vizuri, shangazi yako anaitikia, mimi natazama mikono yangu. Akamalizia kwa utani, unajua anavyopenda utani akishashinda.

"Maana huyu mtoto eti anataka Iringa, akasomee kimondo! Kimondo kipo Mbozi. Mpeni nauli ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akakitazame, roho itulie, arudi ashike kazi."

Shangazi yako akacheka. Na mimi, Sekela, midomo yangu ilikuwa imeshaanza kucheka. Nina uzoefu wa kucheka utani wake. Lakini kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Si kimondo, kaka. Ni nyotamkia."

Nadhani hata yeye hakusikia vizuri. Tangu nizaliwe sijawahi kumsahihisha. Akaweka kikombe chini.

"Umesemaje?"

"Kimondo ni kile kilichoanguka. Hii haikuanguka. Inaondoka."

"Inaondoka. Na yeye anaifuata?"

"Anaifuata."

"Gwe, wewe, kitu kinachoondoka mtu hukiacha kiende! Anaifuata akapate nini?"

"Apime vumbi lake linavyopungua."

Hapo akasimama. "Vumbi! Mashineni kwangu kuna vumbi la kujaza lori la fuso, sijawahi kujua kwamba ningelipeleka chuo kikuu!"

Mama yako, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga, akasema bila kunyanyua kichwa, "La hapa tumeshalipima, shemeji. Tumelikohoa." Shangazi yako akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Usije ukadhani nilitoa hotuba. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama redio mbovu. Nilimwambia kwamba kitu hiki hakirudi ili kipimwe upya. Nilimwambia kwamba kila mwezi unaopita kinafifia, na kwamba mwakani huenda hata ile darubini ya Idodi isikione. Mwezi ambao haukupimwa unabaki pengo, na hakuna mtu duniani, awe tajiri namna gani, anayeweza kurudi kuuziba. Nilimwambia kwamba zile pumba zinachomwa asubuhi kwa amri yangu mimi. Sijui kwa nini nililisema hilo. Nadhani nilitaka kosa moja liwe na jina langu.

Kisha akasema polepole, na hapo ndipo shangazi yako aliposikia vizuri, "Akipanda gari la Iringa, na wewe usikanyage ofisini kwangu."

"Nitakanyaga," nikasema. "Kesho nitakuja, na keshokutwa. Na siku atakayopanda gari, nitakuja pia. Ukitaka nisikanyage, simama mlangoni mwenyewe."

"Nilikulea mimi!"

"Ulinilea, kaka. Ndaga, nashukuru. Ndiyo maana nakuambia usoni, sikuandikii."

Akaketi. Na hili nataka ulijue pia, ili usiondoke ukidhani tumepigana na shetani. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Sasa hii mashine nimemjengea nani?" Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Hakuna mtu aliyemuuliza kama anataka. Nadhani naye yumo ndani ya mwaka mmoja ambao haujaisha. Usimchukie. Lakini usikae kwa ajili yake, wala kwa ajili yangu.

Kwa ajili yangu hasa. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, nikazunguka.

Unaogopa kwamba ukienda nitakosa kazi. Mimi naogopa zaidi yako, wewe huwezi kunishinda kwa hilo. Naogopa kodi ya nyumba, naogopa watu watakavyonitazama kanisani, naogopa kuanza kutafuta kibarua nikiwa na cheti cha kidato cha sita ambacho kimekunjika. Nimewahi kufikiria hata Makongolosi, kwenye dhahabu, mama yako akaniuliza kama nitakwenda kuwaandikia wachimbaji barua. Hofu hiyo yote ni yangu. Nimeishi nayo, najua inapolala. Usiibebe kwenye begi lako ukaiita heshima kwa wazazi.

Ukibaki, mwanangu, hutaniokoa. Nitakuwa na kazi, na kila jioni jua likizama nitakuona umesimama kwenye uwanja wa kuanikia mpunga ukitazama mahali ambapo ilikuwa. Nitakaa humu ndani nikijua kwamba kuna pengo, na kwamba safari hii aliyelifanya ana jina. Hilo sitaliweza. Njaa naweza kuijaribu.

Huko Iringa kuna siku utapima vibaya. Mkono wako utakosea, au wingu litapita hukuliona. Ukikosea, sema nimekosea. Usiseme imekosewa. Na kuna siku mtu mkubwa kuliko wewe atakuambia nukta fulani ingependeza zaidi isipokuwapo. Utasikia woga. Mimi huwa nausikia, ni wa ukoo. Unapita. Nilikuwa sijui kwamba unapita, nimejua Jumapili.

Utakapofika mwisho, usiku ambao hata darubini haioni kitu, andika kwamba hukuona kitu. Najua ndivyo mnavyofanya, uliniambia: kutoona pia ni kipimo, mradi mtu awe ametazama. Usinipigie simu kunituliza. Niambie ulichokiona.

Sasa ya kesho. Tulikubaliana kwamba alfajiri Gwakisa akupeleke kwa pikipiki mpaka Igawa, ukapandie gari barabara kuu, watu wa hapa wasikuone. Ule mpango ulikuwa wangu, na ulikuwa mpango wa mtu anayetorosha mbuzi. Naufuta. Nimeshamwambia Gwakisa asije.

Tutakunywa chai wote, bila haraka. Kisha tutatembea kwa miguu mpaka stendi, jua likiwa limepanda, sokoni kumejaa. Mimi nitabeba begi, mama yako atashika mchele. Tutapita mbele ya mashine, kwa sababu ndiyo njia. Kaka yangu akiwa nje, utamwamkia kama siku zote na utamwambia unakwenda wapi. Akiwa na neno, tutasimama tumsikilize mpaka amalize. Halafu tutaendelea kutembea.

Gari likishaondoka nitarudi hapa. Nitafungua dirisha, nitakaa kwenye kiti hiki, nitafanya kazi ya siku. Akitaka kunitoa, aje anitoe kwa mkono wake, vijana wakiona, na sababu aitaje kwa sauti.

Pikipiki imesimama nje. Ni kaka yangu, namjua kwa kikohozi. Barua iko mezani, wazi, na sijaweka gazeti.

Baba